Nafuta akiba ya kompyuta kila Jumamosi, lakini diski inajaa tena kabla ya Jumatano: nakosea wapi?

steshenari_ya_kona ameandika:

Habari zenu wanajamvi. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Morogoro, na kazi yetu kubwa ni kuchapa, kuskani, kutoa nakala na kuwasaidia watu kujaza fomu za maombi mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni mpakato wa mtumba wenye Windows 10, kumbukumbu (RAM) ya GB 8 na diski ya SSD ambayo kibandiko chake kinasema GB 128, ingawa kompyuta yenyewe inaonyesha GB 118 tu. Ni mwezi wa tatu sasa mstari wa diski C umekuwa mwekundu, na leo asubuhi nafasi iliyobaki ilikuwa GB 1.4.

Fundi aliyeniuzia alinifundisha utaratibu wa usafi ambao nimeufuata bila kukosa. Kila Jumamosi nikishafunga duka, ninafungua Chrome, ninabonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, ninachagua muda wote na kutia alama katika visanduku vyote. Baada ya hapo ninabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ninaandika %temp%, ninachagua kila kitu kilichomo na kufuta, kisha ninaandika prefetch na kufanya vivyo hivyo, na mwisho ninamwaga Pipa la Takataka. Nafasi hupanda hadi GB 4 hivi, nami naenda nyumbani nikiwa na amani, lakini ikifika Jumanne jioni tumerudi palepale.

Kinachonisumbua zaidi ni Jumatatu asubuhi. Kila mfumo unadai nywila upya, kurasa zinafunguka kwa kujivuta, na bando la wiki ambalo zamani lilifika Jumapili siku hizi linakata Ijumaa. Wiki iliyopita nilipoteza saa nzima, huku wateja wamesimama kaunta, nikijaribu kuirejesha nywila ya barua pepe ya duka ambayo kivinjari ndicho kilichokuwa kikinikumbushia. Vilevile yapo mafaili katika ile folda ya Temp ambayo hukataa kabisa kufutika, na kompyuta hudai kwamba yanatumiwa na programu nyingine hata kama mimi sijafungua chochote.

Naomba kueleweshwa: hii akiba hasa ni kitu gani, kuifuta kuna faida au hasara gani, na kwa nini nafasi ninayoikomboa hainikai?

---

fundi_kimya amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Utaratibu uliofundishwa si wa kudhuru kompyuta, ila umechanganya vitu vinne tofauti katika kapu moja, na kile kinachoijaza diski yako yumkini hakimo kabisa katika hivyo vinne.

Nianze na neno lenyewe. Akiba ni nakala iliyowekwa karibu ili kuepuka safari ya kuifuata mbali. Wewe mwenyewe unayo dukani: naamini zile fomu zinazoulizwa kila siku umeshatoa nakala zake na kuziweka kwenye droo ya kaunta, badala ya kuzitafuta na kuzichapa upya kila anapokuja mteja. Kivinjari hufanya hivyohivyo. Ukifungua mfumo wa maombi kwa mara ya kwanza, kinapakua nembo, picha, maandishi ya mtindo na misimbo inayoendesha vitufe, kisha kinaviweka kwenye diski, na kesho ukirudi kinavichukua hapohapo bila kugusa bando. Ukiimwaga akiba hiyo Jumamosi, Jumatatu kompyuta haina hila, inavifuata vyote upya kwa gharama yako. Bando linalokata Ijumaa limeanzia hapo, na kurasa zinazojivuta vilevile.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ya kivinjari inaoza. Droo yako ikiwa na fomu ya mwaka jana na taasisi imetoa mpya, utamhudumia mteja kwa karatasi iliyopitwa na wakati. Kwenye kompyuta dalili zake ni kitufe kisichoitika, ukurasa uliopangika vibaya, au tangazo la zamani wakati mwenzako upande wa pili anaona jipya. Hapo ndipo kufuta akiba kunapokuwa dawa, na hata hapo usimwage droo nzima. Bonyeza kwanza Ctrl na F5, ili ukurasa huo mmoja uchukuliwe upya kutoka kwenye seva. Isiposaidia, fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N ujaribu tovuti ileile humo. Ikifanya kazi humo, basi tatizo huenda liko kwenye vitu ulivyohifadhi, kwa hiyo bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, ingia kwenye mipangilio ya tovuti hiyo, na ufute data yake peke yake.

Sasa, vile visanduku unavyovitia alama vyote havifanani. Picha na mafaili yaliyoakibishwa ndiyo akiba. Vidakuzi si akiba, ni vijikaratasi ambavyo tovuti hukuachia ili ikutambue ukirudi, na ukivifuta unatolewa nje ya kila mfumo ulioingia. Nywila zilizohifadhiwa ni kitu cha tatu, nazo hazichukui nafasi yoyote ya kuhesabika, hivyo kuzifuta kwa nia ya kupata nafasi ni sawa na kuchoma daftari la madeni ili kabati lipungue. Toa alama hapo leo hii, na nywila muhimu ziandike mahali salama pasipokuwa kwenye kivinjari peke yake.

Kuhusu folda ya Temp, hiyo ni meza ya kazi ya programu. Kisakinishi hufungulia vifurushi vyake humo, na programu nyingine huweka humo vipande vya kazi ambayo haijakamilika. Mafaili yanayokataa kufutika yamo mikononi mwa programu zinazoendelea nyuma ya pazia, kama vile antivirusi au Chrome yenyewe, na dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kuruka na kuendelea. Ukitaka yapungue, zima na kuwasha kompyuta kwanza, kisha futa kabla hujafungua programu yoyote. Lakini kwa kazi yako kuna hatari moja ambayo mafundi wengi hawaisemi. Mteja akikutumia faili la zip, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, ukafungua waraka ulio ndani yake kwa kuubofya mara mbili bila kwanza kuutoa na kuuweka kwenye folda ya kawaida, nakala unayoiona huwa imewekwa kwenye Temp. Ukiihariri na kuihifadhi palepale, kazi yako yote iko kwenye folda unayoimwaga Jumamosi. Tahadhari.

Prefetch iache. Ni kumbukumbu ndogo ambazo Windows hujiandikia ili programu unazozitumia mara kwa mara zifunguke upesi, inajisimamia yenyewe, na jumla yake ni MB chache. Kuifuta kila wiki ni kuilazimisha kompyuta ijifunze upya kila wiki.

Kuhusu zile GB 118 hukuibiwa. Mtengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo 128 ya kwenye kibandiko inakuwa 119 na ushei kwenye skrini, na kipande kidogo kingine kimetengwa kwa ajili ya kuwashia mashine na kuirejesha ikiharibika.

Kabla hatujafuta chochote zaidi, naomba upime. Ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Hifadhi, uone mgawanyo. Au upate programu ya WizTree au WinDirStat, ambazo hazifuti kitu bali zinakuonyesha folda ipi imebeba kiasi gani, kuanzia kubwa hadi ndogo. Tuletee hesabu hapa. Mtu anayefuta kabla ya kupima atafuta kilicho karibu na mkono wake, na mara nyingi hicho ndicho kidogo.

---

mwalimu_wa_jioni amejibu:

Naomba kuongeza jambo moja kwa sababu lilinikuta. Ukiingia kwenye ukurasa huohuo wa Hifadhi na kufungua sehemu ya mafaili ya muda, utaona orodha ya vitu vya kuondoa, na katikati ya orodha hiyo, kama mgeni aliyekaa katika safu ya wenyeji, ipo folda ya Downloads. Kwa kawaida haina alama. Mimi, kwa kuona kichwa cha habari kinasema mafaili ya muda, nilitia alama kote na kubonyeza kitufe cha kuondoa. Mitihani ya muhula ya madarasa mawili, ambayo wenzangu walikuwa wamenitumia kwa barua pepe nami nikaipakua bila kuihamisha, iliondoka yote, na haikupita kwenye Pipa la Takataka.

Fundi niliyempelekea aliniambia kwamba kwenye diski ya SSD uwezekano wa kurejesha faili lililofutwa ni mdogo mno, kwa sababu Windows huiarifu diski kuwa sehemu ile haina mwenyewe na diski huisafisha yenyewe. Nilinusurika kwa kuwa wenzangu walikuwa bado na nakala. Kwa hiyo, ndugu, soma kila mstari wa orodha ile kabla ya kubonyeza.

---

kijana_wa_kebo amejibu:

Mnamchosha bure. Zipo programu za bure za usafi, anabonyeza kitufe kimoja, akiba inaondoka, rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, inasafishwa, na kompyuta inakuwa nyepesi kama mpya. Mimi ninayo kwenye kompyuta zote za ofisi yetu na sijawahi kukaa chini kuhesabu folda.

---

steshenari_ya_kona ameandika:

Asanteni sana, hasa mwalimu, maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafika kwenye orodha hiyohiyo na mkono uko kwenye panya.

Nimepima kwa WizTree jana usiku, na nimeshangaa. Folda ya Windows ina GB 23, na ndani yake ile iitwayo SoftwareDistribution peke yake ina zaidi ya GB 4. Programu zilizosakinishwa ni GB 14. Nyaraka zangu mwenyewe, yaani skani za duka, violezo vya barua, kadi za harusi na kazi za wateja wa kudumu, ni GB 31. Downloads ina GB 9. Temp, pamoja na kuifuta kwangu kote, ina GB 2.3. Chrome nzima, akiba na vyote vyake, haifiki hata GB 1.2. Kuna faili moja linaloitwa hiberfil.sys lenye GB 3.2 na jingine pagefile.sys lenye GB 5.

Lakini mzigo ulionitoa jasho uko kwingine. Ndani ya AppData, kwenye folda ya Local, kisha Packages, kuna folda yenye jina refu linaloishia na herufi zisizosomeka, na katikati yake limeandikwa neno WhatsAppDesktop. Hiyo ina GB 22. Nilipoifungua mpaka ndani nilikuta mafaili yote ambayo wateja wamenitumia wachapishiwe tangu niliponunua mashine hii: vyeti vya kidato cha nne, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti, wasifu wa watafuta kazi, taarifa za benki, barua za mahakama. Mteja anatuma, ninafungua, ninachapa, analipa, anaondoka, na faili linabaki kwangu. Kumbe nilikuwa na kabati la watu wa mji mzima na sijui.

Je, hii nayo ni akiba? Nikiifuta, wateja watapoteza mafaili yao?

---

fundi_kimya amejibu:

Hesabu yako imeshajibu swali la kwanza. Ulikuwa unaifuta Chrome isiyofika GB 1.2, na GB 22 zimekaa kimya.

Nimjibu kwanza kijana_wa_kebo, kwa sababu ushauri wake unasikika sana na una mtego. Programu ya usafi haiwezi kujua kwamba cheti cha mteja ni taka na kadi ya harusi si taka, hivyo itafuta akiba ya kivinjari ileile ambayo tumeona haina uzito, na ikipewa ruhusa pana itafuta zaidi ya hapo. Kusafisha rejista hakuongezi nafasi ya maana, na Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu za namna hiyo. Halafu kuna suala la kuaminika. Mnamo Septemba 2017 ilitangazwa kwamba toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya usafi iliyokuwa maarufu kuliko karibu zote, lilikuwa limepenyezewa msimbo wa wadukuzi likiwa bado mikononi mwa watengenezaji, likasambazwa kutoka tovuti halali kwa takriban mwezi mzima, na ilikadiriwa kwamba watumiaji milioni 2.27 walikuwa wamelisakinisha. Sisemi kwamba toleo la leo lina kasoro hiyo. Ninachosema ni kwamba programu inayoruhusiwa kufuta popote ni mgeni aliyepewa funguo za vyumba vyote, na kwa kazi ambayo Windows inaiweza yenyewe sioni sababu ya kumkaribisha.

Sasa ile folda ya WhatsApp. Hapana, hiyo si akiba kwa maana tuliyoieleza juu. Akiba ukiifuta inajirudisha yenyewe, kwa sababu asili yake iko mahali pengine na programu inajua pa kuifuata. Faili la mteja likifutwa hapo, nakala iliyo kwenye simu ya mteja haiguswi hata kidogo, na iliyo kwenye simu yako ya duka pia haiguswi, lakini usitegemee kwamba kompyuta itaweza kulivuta tena baada ya miezi kupita. Kwa hiyo panga kwanza kwa tarehe. Ya mwezi huu yaache. Katika ya zamani, toa yale ya wateja wa kudumu uyahamishe kwenye folda zao, kisha mengine yafute. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp ya kompyuta, sehemu ya hifadhi, uondoe upakuaji wa kujiendesha wa video, picha na nyaraka, ili kishuke tu kile utakachokibofya. Hilo litakuokolea bando kuliko lolote tulilolitaja leo.

Na hapa siongei tena kuhusu nafasi ya diski. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na misingi yake inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko kazi zilizokusanyiwa inavyohitaji. Mteja alileta cheti kichapwe, hakukileta kitunzwe. Fikiria mpakato huo umeibwa dukani usiku, au umeupeleka kwa fundi usiyemfahamu ukiwa na pasipoti na taarifa za benki za watu. Mimi nikikusanya kompyuta za steshenari kwa matengenezo huwa nakutana na makabati kama hayo karibu kila mara, na wenye maduka si watu wabaya, hawajui tu kwamba yapo.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Folda ya Download iliyo ndani ya SoftwareDistribution ina masasisho yaliyokwisha pakuliwa. Njia salama ni kutafuta programu ya cleanmgr kwenye menyu ya kuanzia, kuifungua kwa ruhusa ya msimamizi, kutia alama kwenye usafishaji wa masasisho ya Windows na kuiacha ifanye kazi, hata ikichukua nusu saa. Isipopungua, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika net stop wuauserv na net stop bits, futa yaliyomo ndani ya hiyo Download peke yake, kisha uwashe huduma hizo mbili tena kwa net start. Usiguse kwa mkono folda ya WinSxS hata ukiiona imenona, maana humo ndimo zilimo sehemu za mfumo wenyewe, na ukubwa unaouona umehesabu baadhi ya mafaili mara mbili. Pagefile.sys iache, hiyo ni nyongeza ya kumbukumbu. Hiberfil.sys ndipo Windows inapomwaga kumbukumbu kompyuta inapolala usingizi mzito, na ukubwa wake kwa kawaida ni asilimia 40 ya kumbukumbu, ndiyo maana kwa GB 8 zako umeona 3.2. Amri ya powercfg /h off huiondoa mara moja.

Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, siku ukiamua kuhamia toleo jipya utahitaji nafasi ya kutosha, na baada ya kuhama utakuta folda ya Windows.old imebeba GB nyingi. Usihangaike nayo, Windows huiondoa yenyewe baada ya siku kumi.

---

mpiga_picha_wa_harusi amejibu:

Fundi, nakubaliana nawe kwa mengi ila la hiberfil sikubali lipite hivihivi. Yeye yuko kwenye mpakato, na umeme ukikata katikati ya kazi betri ya mtumba haikai saa. Mashine ikilala usingizi mzito kabla betri haijaisha, kazi iliyofunguliwa inarudi kama ilivyokuwa umeme unaporudi. Mimi ningezitoa kafara hizo GB 3.2 kwa amani hiyo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri hoja hiyo haipo, hapo aiondoe.

Na kwa wale wanaohariri video kama mimi, tafuteni akiba kwenye programu ya kuhariria. Adobe Premiere Pro hutengeneza mafaili ya akiba kwa kila video unayoiingiza na huyaweka kwenye diski C hata kama video zenyewe ziko kwenye diski ya nje. Baada ya harusi kumi nilikuta GB 60 na ushei. Hizo zinafutwa kutoka kwenye mapendeleo ya programu yenyewe, sehemu ya akiba ya midia, na mtu anaweza kuihamishia folda hiyo kwenye diski nyingine moja kwa moja.

---

fundi_kimya amejibu:

Umenisahihisha kwa haki. Kwa mpakato, hiberfil ibaki.

---

steshenari_ya_kona ameandika:

Wanajamvi, narudi na mrejesho. Folda ya WhatsApp imeshuka kutoka GB 22 hadi 1.5, baada ya kukaa nayo usiku mbili nikichagua kimoja kimoja, na nakiri kwamba kuna vyeti niliviona vya watu ninaowafahamu vikanifanya nione aibu. Temp imebaki na GB 0.2, na kama fundi alivyotahadharisha nilipita humo kwanza nikakuta barua mbili za mteja nilizokuwa nimezihariri ndani ya zip, nikaziokoa. Ile ya masasisho imeisha kwa cleanmgr bila kufika kwenye amri. Kutoka Downloads nimehamisha GB 6 kwenda diski ya nje. Hiberfil nimeiacha. Nafasi iliyo wazi sasa ni GB 34, na leo ni Alhamisi.

Nimewasha pia ule usafishaji wa kujiendesha ulio kwenye ukurasa wa Hifadhi, nikauruhusu kushughulikia mafaili ya muda na kumwaga kilichokaa kwenye Pipa zaidi ya siku 30, na kwenye Downloads nimeuambia usiguse kamwe. Chrome sijaigusa tangu Jumamosi, na mifumo yote inanitambua. Juu ya kaunta nimebandika karatasi inayosema kwamba mafaili ya wateja yanafutwa kila jioni, na anayetaka kazi yake itunzwe aniambie. Wawili wameshaniambia niwatunzie, nami nimewafungulia folda zenye majina yao.

Limebaki jambo moja dogo. Katika kutia alama kwenye cleanmgr nilitia pia kwenye vijipicha, zile picha ndogo zinazoonyesha kilichomo kwenye faili, na sasa nikifungua folda ya kadi za harusi picha zinatokea moja moja, polepole, kana kwamba kompyuta inazichora upya. Je, nimeharibu kitu?

---

fundi_kimya amejibu:

Hujaharibu. Inazichora upya kwelikweli, kwa sababu ile uliyofuta ilikuwa akiba ya vijipicha. Iache folda hiyo wazi, ishushe taratibu hadi chini mpaka zote zitokee, na ukiifungua tena kesho zitakuja kwa mpigo mmoja.